Viti Vinne Si Watu Wanne: Kupanga Likizo ya Ndege Ndogo kutoka Nairobi hadi Pwani

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na bwana mmoja aliyepata leseni yake ya urubani mwaka huu. Anataka kuikodi Cessna 172 kwa siku saba, yeye na mkewe pamoja na shemeji yake na mke wa shemeji, waondoke uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, saa nne asubuhi, wale chakula cha mchana Malindi, walale Lamu, kisha waishuke pwani polepole hadi Zanzibar. Nilipomuuliza uzito wao alinyamaza kidogo, halafu akanijibu kwa upole kabisa: "Kapteni, viti ni vinne na sisi tuko wanne, sasa shida iko wapi?" Swali hilo nimeulizwa mara nyingi mno tangu nianze kufundisha, na kila mara nimelijibu kwa haraka kwenye simu huku mwanafunzi akinisubiri kando ya ndege. Leo nalijibu kwa maandishi, na atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Ndege ya 172 ya toleo la N, yenye injini ya nguvu za farasi 160, ambayo ndiyo inayopatikana kwa wepesi kukodi, hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi kilo 1,043. Yenyewe ikiwa tupu huwa na kilo kama 670. Soma karatasi ya uzito ya ndege unayoichukua wewe, wala usitumie namba ya kitabuni, kwa sababu ndege huongezeka uzito kila inapopakwa rangi upya au kufungwa kifaa kingine. Zinabaki kilo 373. Matangi yakijaa hutoa lita 151 za kutumika, na lita moja ya petroli ya ndege ina kilo 0.72, kwa hiyo mafuta peke yake ni kilo 109, na zinabaki 264. Watu wazima wanne wa kilo 80 kila mmoja ni kilo 320. Umezidisha kilo 56, na hujapakia hata mswaki.

Hapo huja jibu ambalo nimelikariri: basi tupunguze mafuta. Haya, tuyapunguze. Kutoka Wilson hadi Malindi ni maili za baharini 228, na kwa mwendo wa maili 105 kwa saa ni saa mbili na dakika kumi, ambazo kwa lita 32 kwa saa zinakula lita 70. Akiba ya dakika 45 ni lita 24. Ukifika Malindi ukakuta kiwanja kimefungwa, kwenda Mombasa ni lita 18 nyingine. Weka lita 8 za kuwasha, kutembea ardhini na kupanda. Jumla ni lita 120, yaani kilo 86, na nafasi ya watu na mizigo inakuwa kilo 287. Bado umezidisha kilo 33. Na hesabu hiyo inadhani hakuna upepo: mwezi wa Julai upepo wa kusi unaweza kukupiga usoni kwa maili 20 kwa saa ukielekea pwani, na safari ileile ikataka lita 16 zaidi.

Kwani viti vya nyuma viliwekwa vya nini? Viliwekwa ili mwenye ndege achague: leo nitabeba watu, kesho nitabeba mafuta, keshokutwa nitabeba mizigo. Haviahidi vyote kwa pamoja, na karibu kila ndege ndogo ya viti vinne imeundwa hivyo. Kuna pia suala la mahali uzito unapokaa, maana watu wazima wawili nyuma na mabegi nyuma yao husogeza kitovu cha uzito wa ndege hadi mpaka wake wa nyuma hata kama jumla ya kilo ni halali. Sehemu ya mizigo yenyewe ina kikomo cha kilo 54. Hesabu hiyo kila rubani alifanyiwa mtihani, sitairudia.

Ninalotaka kulirudia, na ndilo linaloniudhi hasa, ni imani ya wale waliokwishafanya hesabu ya kilo, wakafika 1,043 kamili, kisha wakaridhika kana kwamba wamepewa baraka. Kilo 1,043 ni kikomo cha sheria na cha muundo wa ndege. Hakisemi lolote kuhusu iwapo ndege itapanda leo, kutoka hapa, katika joto hili.

Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo vitabu vya ndege vinachukulia kwamba joto ni nyuzi 4. Saa sita mchana ya Februari, Nairobi ina nyuzi 26 au zaidi. Kila nyuzi moja iliyozidi inaongeza takribani futi 120 kwenye mwinuko unaohisiwa na injini na mabawa, kwa hiyo nyuzi 22 zilizozidi zinaongeza futi 2,640. Wewe umesimama Wilson, unawaona wenzako wakinywa chai pale mgahawani, lakini ndege yako inadhani iko juu ya futi 8,000. Injini isiyo na chaja ya hewa (turbo) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, hivyo katika farasi zako 160 takribani robo nzima haipo. Propela inaukata upepo mwembamba, mabawa yanahitaji mwendo mkubwa zaidi juu ya ardhi ili yabebe uzito uleule, na umbali wa kukimbia ardhini hadi kuruka unakuwa takribani mara mbili ya ule wa Malindi katika siku ya joto kama hilo. Kasi ya kupanda inabaki nusu au pungufu, na mbele yako, ukigeuka magharibi, kuna vilima vya Ngong.

Wageni waliojifunzia urubani Ulaya wana kosa la ziada: wanasukuma kitasa chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa hadi mwisho kabla ya kuruka, kama walivyofundishwa kwenye viwanja vya usawa wa bahari. Hapa injini ikipewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo inapoteza hata zile nguvu chache zilizobaki. Punguza mchanganyiko kabla ya kuruka, kwa injini ikizunguka kwa nguvu zote, hadi iende laini.

Mimi mwenyewe nilijifunza haya kwa njia mbaya. Miaka mingi iliyopita niliondoka kwenye kiwanja kimoja cha udongo katika nyanda za juu, saa saba mchana, tukiwa watu wazima watatu na ndani ya uzito wa sheria kwa kilo kumi. Ndege iliacha ardhi vizuri, ikapanda kama urefu wa mnazi, kisha ikakataa. Sikuthubutu kuinua pua wala kugeuka. Nilifuata bonde lililokuwa likiteremka upande wa kushoto, nikapata mwendo kutokana na ardhi iliyokuwa ikishuka chini yangu, na baada ya dakika mbili ambazo sijazisahau tukaanza kupanda taratibu. Hesabu yangu ya kilo siku hiyo ilikuwa sahihi kabisa.

Tangu hapo naongeza nusu juu ya umbali wowote ninaousoma kwenye jedwali la kitabu. Sina uhakika kwamba nusu ndicho kipimo sahihi. Majedwali yale yalipatikana kwa ndege mpya, rubani wa kiwanda na barabara ya kurukia iliyo kavu na ya lami, nami naruka ndege iliyotengenezwa kabla wanafunzi wangu wengi hawajazaliwa; kwenye nyasi ndefu zenye unyevu nusu pengine haitoshi, na kwenye lami ya Wilson alfajiri pengine nawanyima watu nafasi bure. Kwa hiyo nimeshikilia kanuni ya pili inayopima ukweli wa siku yenyewe: ukifika katikati ya barabara bila kupata asilimia 70 ya mwendo wa kuruka, funga nguvu na usimame. Kanuni hiyo imenirudisha kwenye maegesho mara mbili, na mara zote mbili abiria walikasirika.

Ukishakubali kwamba hewa ndiyo inayoamua, mpango wa likizo unajipanga wenyewe. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likichomoza, wakati hewa ni baridi na nzito. Uwe umetua kabla ya saa nne. Mchana ni wa kuogelea na kulala. Mchana ndipo hewa ya joto inapopanda juu ya Tsavo na kuitikisa ndege hadi abiria watapike, na ndipo tumbusi wanapopanda nayo. Michael Grzimek, mtafiti wa Kijerumani wa wanyamapori, alifariki Januari 1959 huko Serengeti, ndege yake ya Dornier yenye michirizi ya pundamilia ilipogongana na tumbusi, na alikuwa mtu aliyeijua nchi ile kutoka angani. Jioni pia si yako, kwa sababu viwanja vingi vidogo havina taa na kwetu giza huingia upesi.

Tatizo la alfajiri ni mawingu. Miezi ya Julai na Agosti Nairobi huamka chini ya wingu zito la chini ambalo huenda lisifunguke hadi saa nne au tano, na hapo sina dawa: unasubiri, kisha unaondoka kwenye joto ambalo nimetoka kukuonya nalo, ukiwa mwepesi zaidi. Ndiyo maana napendelea Januari na Februari, ingawa mchana wake ni mkali. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ahirisha.

Pepo nazo zina utaratibu wake, na inanisikitisha kwamba rubani wa pwani anaujua kidogo kuliko mjukuu wa nahodha. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, na kusi ndiyo iliyoyarudisha. Njia ya kutoka Malindi kwenda Lamu, maili 76, inaelekea kaskazini-mashariki hasa, kwa hiyo katika Januari unaipanda kaskazi uso kwa uso, na kila kipande cha safari kinachofuata kuelekea Ukunda, kusini ya Mombasa, na Zanzibar kinasukumwa nayo. Nenda Lamu kwanza, matangi yakiwa na mafuta ya kwenda na kurudi Malindi, maana si kila kiwanja chenye mafuta ya ndege za jeti kina petroli yetu. Piga simu mwenyewe siku moja kabla, usiamini orodha.

Kwenda Malindi usichore mstari ulionyooka. Fuata Uwanda wa Yatta, kisha mto Galana upite juu ya maporomoko ya Lugard, ukiwa juu vya kutosha usiwashtue tembo. Ukikaribia bahari mto huo unaitwa Sabaki, nao unakufikisha pwani kaskazini kidogo ya Malindi. Unapoteza dakika chache, lakini una alama isiyopotea, na una kitu cha kuwaonyesha watu uliowaahidi likizo. Ukianza kushuka kwenye hewa yenye unyevu, vuta kitasa cha kupasha joto kabureta hata kama nje kuna nyuzi 28. Barafu huganda humo hata katika joto hilo.

Kuhusu bahari, sijapatana na nafsi yangu. Ndege hii injini ikizimika huteleza karibu maili moja na nusu kwa kila futi 1,000, hivyo kutoka futi 9,500 unafika kama kilomita 26. Mkondo wa Pemba una upana wa takribani kilomita 50. Katikati yake, bila upepo, hesabu inatoka kwa kilomita moja tu, na siwezi kumpa abiria wangu kilomita moja. Unguja iko karibu zaidi na bara, kama kilomita 35, na ukivuka sehemu nyembamba ukiwa juu hesabu inakubali. Nimewahi kwenda Pemba na nimewahi kukataa kwenda Pemba, katika hali ileile ya hewa. Makoti ya kuokolea yavaliwe tangu ardhini, kwa vyovyote vile.

Mpaka: ondokea kwenye kiwanja chenye forodha na uhamiaji, kwa mfano Moi Mombasa, uingilie kingine chenye huduma hizo, kwa mfano Zanzibar, ombeni ruhusa mapema, bebeni vyeti vya homa ya manjano. Usiku ndege ifungwe kwa kamba. Mkilala mbugani, zungusheni matawi ya miiba kwenye magurudumu, maana fisi hutafuna matairi. Chumvi ya pwani ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi mkirudi.

Siku saba zenye safari saba si likizo. Katika siku saba weka tano za mpango na mbili tupu, na moja kati ya hizo mbili iwe ya mwisho, kwa sababu rubani anayetakiwa ofisini Jumatatu ataliona wingu la Jumapili kuwa jembamba kuliko lilivyo.

Yule bwana na jamaa zake nimewapa pendekezo hili. Wawili wapande treni ya Nairobi hadi Mombasa pamoja na mabegi yote, na wawili waruke alfajiri. Pwani, kwenye usawa wa bahari, vipande vya safari ni vifupi: Malindi hadi Ukunda ni maili 71, lita 60 zinatosha, na lita 60 ni kilo 43 tu. Hapo watu wanne wa kilo 80 wanaingia ndani ya sheria na zinabaki kilo kumi za taulo na maji, wakati mabegi yanakwenda kwa gari. Kurudi wanabadilishana, mmoja wa waliokuja kwa treni aruke. Kwa kuwa rubani ni mmoja, yeye hatapanda treni kabisa, na jana usiku shemeji amenipigia simu kuuliza kati ya dada yake na mkewe ni nani mwepesi zaidi. Nimemwambia walete mizani Wilson siku ya Jumamosi, na kila mtu apimwe akiwa amevaa viatu.