VVU kichwani: yanayosemwa kwenye benchi la kliniki na yanayotokea ndani ya ubongo

Siku ya kliniki, benchi la CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU, huwa na mazungumzo yake. Dada mmoja ametoka kupewa majibu ya wingi wa virusi, ameambiwa virusi havionekani, anatabasamu mpaka jino la mwisho. Jirani yake kwenye foleni anamshika mkono: "Hongera mwaya, umepona." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi nikimsindikiza shangazi yangu. Hongera anaistahili kabisa. Kupona bado, na sehemu ya sababu iko kichwani, mahali ambapo sindano ya kutolea damu haifiki.

"Virusi havionekani, basi vimekwisha."

Kipimo kinahesabu virusi vilivyomo kwenye damu. Kikisema havionekani, maana yake vimekuwa vichache mno hata mashine haivihesabu. Habari hiyo ni njema: mtu wa namna hiyo akiendelea na dawa hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana, na mimi silipunguzi hilo hata chembe. Lakini VVU hakiishi kwa kuelea tu. Kikiingia kwenye seli hugeuza maelezo yake yawe katika lugha ya vinasaba vyetu, kisha huyashonea ndani ya DNA ya seli hiyo, kama kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa rangi ileile ya nguo. Seli ikitulia, kiraka nacho kinatulia. ARV huzuia kirusi kisizaliane; kiraka kilichokwisha kushonwa hazikifumui. Ndiyo maana zinaitwa dawa za kufubaza makali, na aliyechagua neno hilo alichagua vizuri.

"Kinapanda ubongoni mwishoni, mwili ukishachoka."

Nchini Thailand watafiti waliwapima watu walioambukizwa siku chache tu zilizopita, wakachukua na maji ya uti wa mgongo, ambayo ndiyo yanayouzunguka ubongo pia. Kirusi kilikuwemo. Aliyekutwa nacho mapema kuliko wote alikadiriwa kuwa na siku 8 tangu aambukizwe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Kwa siku 8, kipimo cha kawaida cha kingamwili bado hakijaonyesha chochote.

Kinapitaje? Mishipa midogo ya damu ya ubongo ina kuta ambazo seli zake zimebanana kama ukili wa mkeka uliosukwa na mkono hodari. Vitu vingi vilivyomo kwenye damu havipenyi. Lakini chembe nyeupe za damu, monositi na seli T, zina ruhusa ya kuvuka, kwa sababu kazi yao ni ulinzi. Chembe iliyokwisha kuambukizwa huvuka kama kawaida yake, na kirusi kimo ndani.

"Kinakula seli za kufikiria."

Hapa ndipo watu wengi, hata wenye elimu yao, wanapokosea. Seli za neva, yaani nyuroni, zile zinazobeba mawazo, kumbukumbu na amri za kutembea, hazina mlango wa VVU. Kirusi hiki huingia kwa kushika kwanza kitu kiitwacho CD4 kwenye ngozi ya seli, kisha kishikio cha pili, ambacho mara nyingi ni CCR5. Nyuroni hazina CD4. Anayeambukizwa ni mlinzi wao.

Mlinzi huyo anaitwa mikroglia. Chini ya hadubini ni seli ndogo yenye matawi membamba yaliyotapakaa kila upande, kama kichaka kilichopukutika majani. Matawi hayo hayatulii: yanajinyoosha, yanarudi, yanapapasa nyuroni za jirani, yanaokota mabaki. Mikroglia hutokana na seli zilizohamia ubongoni mimba ikiwa bado changa kabisa, na nyingi huishi miaka kadhaa. Zina CD4, kidogo, na zina CCR5. Ndugu zao wa karibu, makrofaji wanaokaa kando ya mishipa ya damu, wanazo pia.

Fikiria tofauti iliyopo na damu. Seli T ikivamiwa na VVU na kuanza kukizalisha, aghalabu hufa baada ya siku chache. Mikroglia haifi upesi. Inaweza kukaa na kirusi muda mrefu, mara kikizaliana, mara kimelala. Kwa hiyo ubongo unakuwa ghala ambalo mwenye ghala mwenyewe hajui limewekwa nini. Kuna seli nyingine, astrositi, ambazo vipande vya vinasaba vya VVU vimeonekana ndani yake; kama zinaambukizwa kikweli au zinameza tu mabaki ya jirani, wanasayansi bado wanabishana.

Sasa, kama nyuroni haziambukizwi, mbona zinaumia? Zinaumia kwa kuishi na jirani mgonjwa. Mikroglia iliyoambukizwa hutoa protini za kirusi, kama gp120 na Tat, na hutoa kemikali za uvimbe. Glutamati, ambayo nyuroni huitumia kupeana habari, hurundikana kupita kiasi mpaka inakuwa sumu kwao. Viunganishi kati ya nyuroni na nyuroni hupukutika kwanza. Mtu anabaki na seli zake, ila mawasiliano yamelegea.

"Akianza kusahau, amerogwa. Au ndio mwisho wake."

Dhana hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu imewapeleka watu kwa mganga miezi mizima wakati kliniki ilikuwa mtaa wa pili.

Shangazi alipoanza kusahau sufuria jikoni, nesi alimketisha mezani. "Mama, sema baada yangu: mbwa, kofia, harage, nyekundu." Akasema. Kisha akaambiwa agonganishe kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, haraka na kwa upana awezavyo, kwa sekunde 5. Kisha mkono juu ya meza: ngumi, kiganja, ubavu wa mkono, ngumi, kiganja, ubavu. Mwisho akaulizwa yale maneno manne. Mbwa, kofia, harage. Akakwama. Nesi akamwambia, "Ni rangi, mama." "Nyekundu!"

Neno lililokumbukwa kwa kusaidiwa hupata nusu alama. Jumla ni 12, na anayepata 10 kushuka chini anahitaji kuchunguzwa zaidi. Shangazi alipata kumi na nusu. Presha yake ndiyo iliyokutwa juu, na ikaanza kutibiwa.

Kipimo hicho kilitengenezwa na watafiti wa Uganda na Marekani, kikajaribiwa Kampala na Baltimore, kikachapishwa mwaka 2005. Ninakipenda kwa sababu hakimdai mtu cheti cha shule. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilipimwa kwanza kwa watu wa nchi za Magharibi waliosoma miaka mingi, kisha bibi aliyeishia darasa la pili anapimwa navyo na kuambiwa akili yake ina kasoro. Takwimu za zamani zilizosema karibu nusu ya wanaoishi na VVU wana tatizo la utambuzi zimekosolewa na wataalamu wenyewe, kwa kuwa wengi waliohesabiwa hawakuwa na shida yoyote katika maisha yao ya kila siku. Kabla ya mseto wa dawa kuanza mwaka 1996, kupoteza akili kwa sababu ya VVU kulikuwa jambo la kawaida kwa waliofikia hatua ya mwisho. Leo kwa anayetumia dawa vizuri ni nadra. Kinachobaki kwa baadhi ni uzito: kuchelewa kupata neno, kushindwa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Na hata huo, sonona, presha, pombe na usingizi mbovu vinaweza kuuleta.

"Kichwa kikiuma sana, ni VVU vimepanda."

Hii ifike haraka: kichwa kisichoacha kuuma, homa, shingo kukakamaa, kuona viwiliviwili, kuchanganyikiwa ghafla, degedege. Hizo ni dalili za kwenda hospitali leo. Mara nyingi ni ugonjwa nyemelezi: fangasi wa kriptokokasi, kifua kikuu cha utando wa ubongo, kimelea cha toksoplasma. Vyote vina dawa, na vyote huua vikicheleweshwa.

"ARV zinaharibu akili." "ARV hazifiki ubongoni."

Zinasemwa na watu walewale, wakati mwingine siku hiyohiyo. Ya kwanza ina mzizi: efavirenzi, ARV iliyotumika sana zamani, iliwapa wengi ndoto za ajabu na kizunguzungu, hasa wiki za mwanzo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza dolutegraviri iwe chaguo la kwanza, na ndiyo iliyomo kwenye TLD, kidonge kimoja chenye ARV tatu. Dolutegraviri nayo huwakatia baadhi usingizi. Ukiwa mmoja wao, mwambie mtoa huduma, huenda kuhamishia kidonge asubuhi kukatosha. Usiache dawa kimyakimya. Ukiacha, ghala lile linafunguka.

Ya pili pia ina chembe ya ukweli. Ukuta wa ubongo hurudisha sehemu ya dawa nyingi. Lakini dolutegraviri hupatikana kwenye maji ya uti wa mgongo kwa kiasi kinachotosha kukizuia kirusi. Kuna watu wachache ambao damu yao ni safi huku maji ya uti wa mgongo yakiwa na virusi. Wanajulikana kwa kupimwa, na hubadilishiwa dawa.

"Nani amewahi kufungua kichwa cha mtu akaviona?"

Swali la haki. Ubongo wa mtu aliye hai haukatwi kipande kwa ajili ya utafiti. Kule San Diego, Marekani, kuna mpango unaoitwa Zawadi ya Mwisho: watu wanaoishi na VVU, wanaokaribia kufa kwa maradhi mengine, wanakubali miili yao ichunguzwe saa chache tu baada ya kukata roho. Kutokana na ubongo wa watu wa namna hiyo, waliokuwa wakimeza dawa na virusi havionekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walitenga mikroglia zikiwa bado hai. Mwaka 2023 walichapisha walichokikuta: kirusi kimelala ndani yake, na kilipoamshwa maabara, kiliweza kuzaliana tena.

Waliotoa ubongo huo walijua kabisa kwamba tiba ikipatikana haitawakuta.