Anga huria si kuuza nchi: majibu kwa wateja wangu wa minofu

Likitajwa tu soko la pamoja la anga la Afrika, hakosekani mteja wa kuniambia: "Ndiyo hivyo, nchi imeuzwa. Kesho Wakenya na Wahabeshi watabeba abiria wetu Mwanza–Dar, ndege za kwetu zife." Nimelisikia Kirumba, nimelisikia Igoma, na juzi kanitolea mtu aliyezeekea kwenye biashara ya kusafirisha sangara. Nimechoka kulijibu mdomoni.

Uamuzi wa Yamoussoukro wa 1999, wa nchi za Afrika kufunguliana anga, na soko lililozinduliwa Addis Ababa Januari 2018 ili kuutekeleza, vinahusu safari za kuvuka mpaka. Shirika la Kenya linaleta abiria kutoka Nairobi hadi Mwanza, hiyo ndiyo inayoitwa haki ya tatu ya anga. Linachukua wengine kurudi nao, hiyo ni ya nne. Haki ya tano, ndiyo inayowatisha watu, inairuhusu ndege ya Ethiopia kutoka Addis, kutua Entebbe, kupakia abiria wa Mwanza na kuendelea. Basi. Kumpakia mtu Mwanza na kumshusha Dar ni biashara ya ndani, haimo humo. Ibara ya 7 ya Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, inaipa kila nchi haki ya kuwakatalia wageni safari hizo, na ibara ya kwanza inasema anga lililo juu ya nchi ni la nchi hiyo. Hakuna kilichofutwa. Kwani waongoza ndege wa Dar es Salaam hawakuhudumia anga la juu la Rwanda na Burundi kwa miaka mingi? Nani alisema Kigali imetekwa?

Tena ruhusa peke yake haileti ndege. Wakubwa wenzangu mnakumbuka ndege kubwa za mizigo zilivyokuwa zikitua hapa hapa Mwanza kufuata minofu. Mzigo wa kwenda Ulaya ulikuwepo, wa kuja ukawa wa kutafuta, na mafuta ya kuja tupu hulipwa na kilo zako. Nairobi kuna ndege za abiria zenye nafasi ya mizigo tumboni, ndiyo maana lori linashika njia ya Sirari, mpakani na Kenya. Ushauri wangu mnaucheka kila siku, na narudia: unganisheni mizigo, minofu na mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) pamoja, siku moja ya wiki, wakala mmoja. Kila mtu akija na tani zake mbili na siri zake, hata mbingu zote zifunguliwe hamtaona ndege.

Wengine huniambia: "Siku hizi vibali vya ndege vinatoka Entebbe." Havitoki. Entebbe ni makao ya CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa usalama wa anga, ulioanzishwa 2007. Kazi yake ni kuoanisha kanuni na kuziwezesha nchi kutumia wakaguzi kwa pamoja, maana mkaguzi mzuri ni ghali na kila nchi ikijitegemea haipati wa kutosha. Cheti cha shirika la ndege la Tanzania hutolewa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Au: "Katikati ya Ziwa Victoria rubani yuko peke yake." Maeneo ya kuongozea ndege ya Dar es Salaam, Entebbe na Nairobi yanakutana juu ya ziwa hilo, na rubani hukabidhiwa kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa redio.

La mwisho limeibuka baada ya Juni 2025, Umoja wa Ulaya ulipoyaweka mashirika yote yenye cheti cha Tanzania kwenye orodha yake ya zuio: eti sangara hawaingii tena Ulaya. Jamani! Orodha ile inahusu mashirika ya ndege na udhaifu wa nchi katika kuyasimamia kiusalama. Minofu yenu inayopitia Nairobi hupanda ndege za mashirika ya nje, na samaki ana cheti chake cha afya, kinachotolewa na watu wengine kabisa. Mzigo ukikataliwa huko, anza kuangalia joto la lori lako.