Je, wajua kwa nini kompyuta inayozimika ovyo husingizia kifaa kisicho na kosa?

Kompyuta yenye kifaa kibovu ndani yake kwa kawaida haina tabia moja. Leo huganda ukiwa unaandika barua, kesho hujiwasha upya ikiwa haina kazi yoyote, na keshokutwa huonyesha skrini ya bluu yenye msimbo wa kosa usiofanana na ule wa juzi. Mwenye mashine huweka draiva mpya (programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kutumia vifaa vyake), huondoa programu ya mwisho aliyoisakinisha, husaka virusi ambavyo havimo, na mwishowe hufuta kila kitu na kuanza na mfumo endeshi mpya, tuseme Windows. Baada ya siku chache mashine huzimika tena. Kinachomchosha zaidi ni kule kukosekana kwa mpangilio. Hata hivyo, kukosekana huko ndiko ushahidi wa kwanza mkononi mwake, na pengine ndio bora kuliko wote.

Programu yenye kasoro hufuata maagizo yale yale kila siku. Ukiipa faili lile lile na kubonyeza kitufe kile kile, huanguka mahali pale pale, na ndiyo maana waandishi wa programu huuliza kwanza iwapo kosa linaweza kurudiwa. Kifaa kibovu, kwa upande wake, hakichagui ni programu ipi inayoendeshwa wakati kinapokosea. Kwa hiyo kivinjari, kicheza video na programu ya mahesabu, ambavyo havina uhusiano wowote, vikianguka kwa zamu na kila kimoja kwa sababu yake, ni haki kushuku kitu kinachotumiwa na vyote vitatu. Zipo kasoro za programu zinazoiga tabia hii, hasa za draiva na zile zinazotokea shughuli mbili zinapokimbilia data moja kwa wakati mmoja, hivyo si vizuri kuhukumu haraka. Njia ya kutenganisha pande hizi mbili ni kuiwasha kompyuta kwa mfumo endeshi mwingine ulio kwenye flashi, kwa mfano Linux, bila kugusa diski ya ndani, kisha kuipa kazi nzito kwa saa kadhaa. Ikizimika hata huko, Windows pamoja na draiva zake zote zimeondolewa lawamani kwa mkupuo.

Mshukiwa anayestahili kuchunguzwa mwanzo ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka data inayofanyiwa kazi. Kila biti, yaani 0 au 1 moja, katika chipu za RAM za kawaida hutunzwa kama chaji ya umeme ndani ya kapasita ndogo mno, na kapasita hizo huvuja. Ili data isipotee, kila seli, yaani kapasita pamoja na biti yake, hulazimika kusomwa na kujazwa upya, kwa kawaida walau mara moja kila milisekunde 64, na muda huo hupunguzwa hadi nusu chipu zinapopata joto kali. Seli moja inayovuja haraka kuliko wenzake, au mguso mmoja usioshika sawasawa kwenye sloti (tundu RAM inamochomekwa), inatosha kugeuza 0 kuwa 1.

Tazama biti moja inavyoweza kuharibu. Katika kompyuta herufi "p" huandikwa 01110000, na herufi "t" huandikwa 01110100; tofauti yao ni biti moja tu. Seli moja ikikosea, "paka" aliyeko kwenye barua yako anakuwa "taka", nawe utadhani vidole vyako viliteleza. Lakini seli ile ile, dakika chache baadaye, huenda imekabidhiwa anwani ambayo programu inaitumia kutafuta data yake. Hapo biti iliyogeuka huipeleka programu kwenye eneo lisilo lake, mfumo endeshi huizuia, na programu hufungwa ghafla. Anwani hiyo ikiwa ni ya kiini cha mfumo endeshi chenyewe, kompyuta nzima husimama na skrini ya bluu hujitokeza. Na seli ikiwa imeshika sehemu ya picha, nukta moja kwenye skrini hubadilika rangi kidogo na hakuna atakayejua. Kosa ni lile lile, limetua mahali tofauti.

Tukio la namna hii liliwahi kuonekana hadharani katika uchaguzi wa Ubelgiji wa Mei 2003. Mjini Schaerbeek, mashine ya kura ilimwongezea mgombea mmoja kura 4,096, idadi iliyogunduliwa kwa sababu jumla yake ilipita kiwango kilichowezekana kihesabu. Namba 4,096 ni 2 kumi na mbili zilizozidishwa pamoja, yaani thamani kamili ya biti moja, ya 13 kutoka kulia. Wachunguzi hawakupata kasoro katika programu, na maelezo yaliyobaki ni kwamba biti hiyo iligeuka yenyewe, huenda kwa kupigwa na chembe ya mionzi kutoka anga za juu.

Kisa hicho kinavutia, na ubaya wake ni kwamba huwapa watu sababu ya kulaumu mbingu. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 kuhusu seva za Google ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilikumbwa na makosa ndani ya mwaka mmoja, na kwamba makosa hayo yalitokana zaidi na kasoro za kudumu za vifaa kuliko matukio ya kupita. Kipande kilichokosea mara moja kilikuwa na uwezekano mkubwa wa kukosea tena. Seva hizo zilitumia RAM aina ya ECC, ambayo husahihisha biti moja iliyogeuka na kutoa taarifa. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina kinga hiyo, kwa hiyo kosa hupita kimyakimya hadi litakapoangukia mahali panapouma.

Hapa ndipo ilipo sababu ya kusingiziana. Ujumbe wa kosa hutaja mahali kosa lilipogundulika, na mahali hapo mara nyingi si lilipozaliwa. Mfano mzuri ni wa prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu) za Intel za kompyuta za mezani za vizazi vya 13 na 14. Wachezaji wengi wa michezo ya kompyuta walipata ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imekwisha, ilhali kadi zao zilikuwa na nafasi ya kutosha. Wapo walionunua kadi mpya, na ujumbe ukarudi vile vile. Mkosaji alikuwa prosesa, ambayo ilipopewa kazi nzito ya kufungua data iliyobanwa ilitoa majibu yasiyo sahihi, na sehemu ya mchezo iliyopokea majibu hayo ikalalamikia kadi. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba prosesa hizo zilikuwa zikipewa volti iliyozidi kiasi, ikatoa marekebisho yanayowekwa kupitia BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya mfumo endeshi), na ikaongeza miaka 2 kwenye muda wa dhamana. Marekebisho hayo huzuia uharibifu usiendelee. Prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi nayo.

Baada ya RAM na prosesa anakuja pawa saplai, ambaye ishara yake ni ukimya. Kompyuta hukatika ghafla kana kwamba mtu amechomoa waya, bila skrini ya bluu na bila ujumbe, na aghalabu wakati mzigo unapobadilika kwa haraka, kama vile mchezo unapoanza na kadi ya michoro kuvuta umeme mwingi kwa mara moja. Viwango vya ATX, ambavyo hufuatwa na pawa saplai za kompyuta za mezani, kwa miaka mingi vilitaka waya wa volti 12 usishuke chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6. Kipimo chenye maana ni cha mita halisi, mashine ikiwa kazini, kwa kuwa namba zinazoonyeshwa na programu kutoka kwenye sensa za mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) mara nyingi hupotoka. Kapasita kubwa za mazabodi zinafaa pia kutazamwa kwa macho: vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa, na kilichovimba au kuvuja ute wa kahawia ni kibovu, kama walivyojifunza wamiliki wengi wa kompyuta za miaka ya mwanzo ya 2000, wakati kapasita zenye kemikali mbaya zilipoenea. Sanduku la pawa saplai lenyewe lisifunguliwe, maana ndani yake chaji ya mamia ya volti hubaki hata baada ya waya kuchomolewa.

Watumiaji wa Windows hukutana na mtego hapa. Wakifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, baada ya kompyuta kukatika, hukuta tukio la Kernel-Power lenye namba 41 na, kwa kuwa jina lake linataja umeme, hukimbilia kununua pawa saplai. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine iliwashwa tena bila kuzimwa kwa utaratibu, jambo ambalo mwenye kompyuta alikwisha kuliona kwa macho yake. Maandishi yenye uzito zaidi ni yale ya WHEA-Logger, ambako prosesa yenyewe huripoti makosa iliyoyanasa. Kwenye Linux taarifa za aina hiyo hupatikana katika rekodi za kiini cha mfumo huo.

Joto lina sifa mbaya kuliko linavyostahili. Prosesa za kisasa hujipunguza kasi zinapokaribia nyuzi 95 au 100 za Selsiasi, na hujizima tu joto likiendelea kupanda, kwa hiyo kompyuta yenye joto kali huanza kwa kuwa nzito kabla ya kuzimika. Kupuliza vumbi, kuhakikisha feni zinazunguka na kupaka upya grisi kati ya prosesa na kipoozeo chake ni kazi ya muda mfupi. Diski nayo kwa kawaida hugandisha mashine kwa sekunde nyingi badala ya kuizima ghafla, na taarifa zake za SMART, yaani ripoti ambayo diski hutoa kuhusu afya yake, husema mengi: sekta zilizohamishwa (vipande vibovu vilivyobadilishwa na vya akiba) zikiongezeka, diski inachakaa; namba 199, inayohesabu makosa ya mawasiliano, ikipanda kwenye diski inayotumia kebo ya SATA, shuku kebo kwanza.

Kabla ya majaribio yoyote, faili muhimu zinakiliwe nje ya mashine, kwa sababu RAM mbovu haishii kuzima kompyuta, bali pia huandika data iliyoharibika kwenye diski. Kisha mipangilio ya BIOS irudishwe kwenye hali ya kiwandani. Watu wengi huwasha XMP au EXPO, mipangilio ya kuharakisha RAM iliyomo ndani ya BIOS, na kusahau kwamba huko ni kuiendesha RAM kwa kasi iliyo juu ya ile ya kawaida, ambayo si kila prosesa na mazabodi huimudu. Kompyuta ikitulia baada ya hapo, huenda hakuna cha kununua.

Jaribio la RAM lifanywe kwa programu inayoanza kabla ya mfumo endeshi, kama MemTest86 au Memtest86+, ili karibu kumbukumbu yote ifikiwe, na liachwe usiku kucha. Kosa hata moja halikubaliki. Likitokea, kipande kimoja kimoja kipimwe peke yake katika sloti ile ile, halafu kipande kilichofaulu kipimwe katika sloti nyingine. Kosa likimfuata kipande, ubovu ni wake, na likibaki kwenye sloti, ubovu uko kwenye mazabodi au kwenye prosesa. Matokeo safi hayamaanishi kwamba RAM imesafishwa kabisa, kwani baadhi ya makosa hujitokeza tu kadi ya michoro na prosesa zikiwa zimepasha joto sanduku zima. Ndiyo sababu prosesa hujaribiwa kwa Prime95, ambayo hulinganisha majibu yake ya hesabu na yale yanayotarajiwa, na kadi ya michoro hupewa mzigo wake kando, kisha vyote kwa pamoja.

Kanuni ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati hutajwa kila mara; ile ya kusubiri husahaulika. Tuseme kompyuta huzimika kwa wastani mara moja kila siku 3, bila mpangilio. Ukibadilisha kebo na siku 3 zikapita salama, uwezekano wa kupata utulivu huo bila kebo kuhusika hata kidogo ni takriban asilimia 37. Ni baada ya siku 9 bila tukio ndipo uwezekano huo hushuka hadi karibu asilimia 5. Wengi hutangaza ushindi siku ya pili, kisha hubadilisha vitu vitatu kwa hasira siku ya nne, na hapo kumbukumbu ya nini kilifanya nini inapotea. Daftari dogo lenye tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanyika na badiliko la mwisho lina faida kuliko programu nyingi za uchunguzi, kwa sababu ndilo linaloonyesha kama matukio yamepungua kweli.

Kifaa kipya kikishawekwa na mashine ikatulia kwa muda wa kutosha, kimebaki kipimo kimoja ambacho mafundi makini hawakiruki: kile cha zamani hurudishwa mahali pake. Hitilafu ikirudi, ubovu wake umethibitishwa. Isiporudi, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo lilikuwa mguso uliolegea kwenye sloti au plagi, uliorekebishwa na kitendo cha kuchomoa na kuchomeka, na kifaa kilichokuwa kitupwe hakina kosa.