Oili chafu haitibu upele wa mbwa

Jamani hii ya kumpaka mbwa oili chafu ya gari akipata upele tumeirithi kwa wazee na mtaani bado inaendelea, mbwa anajikuna mpaka manyoya yanaisha masikioni na kwenye viwiko, basi mtu anaenda gereji anaomba nusu lita anampaka mwili mzima. Kwa nia nzuri kabisa, najua.

Ila ule upele mara nyingi unaletwa na utitiri, vidudu vidogo huwezi kuviona kwa macho, vinachimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humohumo. Oili inakaa juu. Unachokiona ni ngozi imelainika na magamba yamelala, unadhani kapona. Na ile oili iliyotumika ina mabaki ya metali na kemikali za injini, mbwa anajilamba anaimeza, nyingine inapenya kwenye ngozi ambayo tayari ina vidonda, inaweza kumharibu ini na figo na mtoto wa mbwa ndo anaumia zaidi.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo, atakwangua ngozi kidogo aangalie kwa hadubini halafu ampe dawa ya kuua utitiri kulingana na uzito, dozi usikisie mwenyewe. Matandiko yake fua kwa maji ya moto.

Kama ushampaka, muogeshe sasa hivi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, rudia mpaka utelezi uishe. Na usimtapishe, oili ikiingia kwenye mapafu ni hatari zaidi.