Chatu akitema panya: yasemwayo Tanga na ukweli wake

Kipupwe kikiingia na kusi ikaanza kuvuma, wafugaji wa nyoka wa Tanga huulizana swali lile lile: chatu wangu kala vizuri, siku ya pili kamtema panya mzima, nimpe dawa gani? Mara nyingi hakuna dawa ya kumpa. Kasoro iko kwenye kizimba, au kwenye mkono wa anayemlisha.

"Tanga ni joto, nyoka wa huku hahitaji taa ya joto."

Dhana hii imesababisha matapishi kuliko zote. Joto la mchana linatupumbaza. Nyoka hajitengenezei joto la mwili kama sisi, analitegemea la pale alipolala, na usiku wa Julai mjini hushuka hadi nyuzi 20 na ushei. Ukipanda Amani au Lushoto ni baridi zaidi. Kizimba kikiwa chini juu ya vigae, hali ya kule ndani siyo unayoihisi wewe ukiwa umesimama. Chatu anataka upande mmoja wa nyuzi 30 hadi 32 na mwingine wa 25 hadi 27, ahame mwenyewe apendavyo. Akikosa joto hilo, panya huoza tumboni kabla ya kusagika, gesi inajaa, na mwili unamsukuma nje. Ndiyo maana panya anayetemwa siku ya tatu huwa amevimba, manyoya yamegandana kwa ute, ngozi ya tumbo inanyonyoka ukiigusa, na harufu inawafuata watu hadi uani. Umeme ukikatika usiku baada ya kumlisha, mwenye taa nzuri naye yatamkuta hayo hayo.

Wapo wanaosikia habari za joto wakalitoa boksi la kioo likaote jua. Tafadhali usifanye hivyo. Kioo juani hupata moto upesi sana. Nyoka aliyezidiwa na joto hutema vilevile, na anaweza kufa kabla ya adhuhuri. Nunua kipimajoto, ukiweke pale pale anapolala nyoka. Cha ukutani kinakuambia habari za ukuta.

"Katema, tumbo li tupu, mlishe haraka."

Hapa ndipo kosa dogo linapogeuka msiba. Tumbo la chatu asiyekula huwa limepumzika, halikai tayari kwa kazi. Watafiti wa Marekani, Stephen Secor na Jared Diamond, walionyesha miaka ya 1990 kwamba chatu akishameza, utumbo wake mwembamba hukaribia kuwa mara mbili kwa uzito ndani ya siku moja au mbili, na ini nalo hukua. Tindikali ya tumboni, ambayo haikuwepo kabisa, inakuwa kali ndani ya saa 24 hivi. Maandalizi hayo yote hula nguvu nyingi ambazo chakula kilipaswa kuzirudisha. Akitema, nguvu zimekwenda bure, na tindikali imeunguza umio ikipita. Panya wa keshokutwa atatemwa pia, na wa baada yake, na chatu wachanga wengi hufia katika mzunguko huo.

Mwache siku 10 hadi 14. Mpe maji safi tu, kwa sababu amepoteza maji mengi. Kisha mpe kitoto cha panya, nusu ya saizi aliyozoea au chini yake. Kikitulia, ngoja tena wiki nzima kabla ya kingine. Chatu mwenye mwili hukaa wiki nyingi bila kula. Mwenye haraka ni wewe.

"Chatu humeza mbuzi, panya buku atamfanya nini?"

Anayemeza mbuzi ni chatu mkubwa sana. Wako mpe mnyama asiyezidi unene wa mwili wake pale alipo mnene zaidi. Na panya wa kutegwa mtaani waache: kama jirani ameweka sumu ya panya, sumu hiyo itaingia kwa nyoka wako, mbali na minyoo.

Baada ya mlo, usimshike kwa saa 48, na kama kameza kikubwa subiri uvimbe uishe. Wageni wa Jumapili watataka picha wakiwa wamemvika shingoni. Wakatalie. Nyoka aliyeshtuka hutua mzigo apate kukimbia, na mgeni mwenyewe hatafurahi ukimtua begani kwake.

"Mpe maziwa." Hapana. Tumbo la nyoka halikuumbiwa maziwa. Akiyagusa ni kwa kiu.

"Wiki mbili hajapata choo, anatoa vitu vyeupe tu."

Kile cheupe kama chokaa ndio mkojo wake, na ni cha kawaida. Choo chenyewe chatu anaweza kukikawiza wiki kadhaa, hasa mkubwa. Ukiwa na wasiwasi, mwogeshe kwenye beseni la maji ya vuguvugu, yasiyofika kichwani, kwa dakika 20 hivi, nawe uwe pembeni. Usimbinye tumbo, usimnyweshe mafuta.

"Anayetema ana minyoo, mchome dawa ya mbuzi."

Yawezekana ana minyoo, lakini dozi ya kukisia inaua upesi kuliko minyoo yenyewe. Kama joto liko sawa, mlo ni mdogo, hashikwi, na bado anatema, hapo ndipo tunaanza kuzungumzia ugonjwa. Unaoogopwa zaidi ni wa kriptosporidiamu, vijidudu vinavyoshambulia tumbo: ukuta wa tumbo huwa mnene, katikati ya mwili panabaki na uvimbe hata akiwa hajala, naye anakonda. Hauna tiba ya uhakika, na klorini ya kufulia haiui vijidudu vyake, hivyo mtenge na vyombo vyake visiguse vya nyoka wengine.

Daktari wa mifugo wa wilaya amezoea ng'ombe na kuku, kwa hiyo mpigie simu kabla ya kumpelekea mfuko. Choo kibichi, na alichotema kama bado kipo, vitie kwenye mifuko tofauti ndani ya chombo chenye barafu, visigande. Ikibidi kwenda mbali zaidi, madaktari wa wanyama husomeshwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Na beba kibali chako cha kufuga kutoka mamlaka ya wanyamapori, kwa sababu barabarani utaulizwa kilichomo ndani ya kizimba kabla ya kuulizwa kinaumwa nini.