Kwa Nini Mgonjwa wa Selimundu Ahitaji Maji: Kazi ya Vimeng'enya vya Utando wa Chembe Nyekundu

Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa nchini Uganda wamerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Wazazi wa hawa wa mwisho huhimizwa kliniki wawanyweshe watoto maji kwa wingi, ila ni nadra kuelezwa sababu, ambayo imo katika utando unaoizunguka chembe nyekundu ya damu.

Utando huo una vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha shughuli za mwili, vinavyofanya kazi ya pampu. Kimoja hutoa ioni (chembechembe zenye chaji ya umeme) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kwa kila mzunguko. Kingine huitoa nje kalsiamu, ambayo ndani ya chembe hutakiwa kiasi kidogo mno. Himoglobini ya selimundu, yaani protini inayobeba oksijeni katika damu, ikishaachia oksijeni hiyo hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, nazo huupinda utando hadi ukavuja, na kalsiamu ikaingia kuliko pampu inavyomudu kuitoa. Hapo hufunguka mlango wa potasiamu ulioelezwa na mwanasayansi György Gárdos wa Hungaria mwaka 1958. Potasiamu hutoka, maji huifuata, chembe husinyaa. Himoglobini iliyobanwa hivyo hushikamana upesi zaidi, na hili, kwa maoni yangu, ndilo dhara baya kuliko yote. Kalsiamu hiyohiyo hukizuia kimeng'enya kinachoyashikilia mafuta fulani upande wa ndani wa utando. Yakijitokeza nje, chembe hunata kwenye kuta za mishipa na kuharibiwa mapema, ikiishi siku 10 hadi 20 badala ya 120.

Dawa ya kuziba mlango huo, senikapoki, ilipunguza uharibifu wa chembe lakini haikupunguza vipindi vya maumivu. Kwa hiyo utando si chanzo pekee cha maumivu hayo.

Figo za wagonjwa hawa nazo hushindwa kukoleza mkojo, hivyo maji mengi hupotea na chembe huzidi kukaukiwa. Hii ni sababu mojawapo ya mtoto kukojoa kitandani, na mama kwa nia njema humnyima maji tangu saa kumi na mbili jioni. Afadhali amwamshe usiku akakojoe, kisha ampe kikombe kingine, na amwongezee wakati wa kuhara au jua la kiangazi. Akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.