Binti Aliyebaki Baada ya "Tawi la Mwisho"

Kazi yangu ni kufuatilia nasaba za wafalme wa Ulaya, na kila nikifika Hungaria nakutana na tarehe ileile: 14 Januari 1301, siku aliyofariki András wa Tatu, na ukoo wa Árpád ukahesabiwa umekwisha. Mwaka 1303 mkuu mmoja wa nchi alimtaja katika hati kama tawi la mwisho la dhahabu lililovunjika kutoka shina la Mtakatifu István, mfalme wa kwanza.

Maneno mazuri, lakini mimi huyasoma kwa uchungu. András aliacha binti.

Aliitwa Erzsébet, hakuwa amefikisha miaka kumi, na mama mzazi alishafariki. Mwaka 1298 baba yake alimchumbisha kwa Václav, mwana wa mfalme wa Bohemia. András alipokufa, kijana huyo akapewa taji la Hungaria. Mwaka 1305 akarithi pia Bohemia, na uchumba akauvunja. Erzsébet, akiwa mikononi mwa mama wa kambo, Agnes wa Habsburg, akaishia Töss, karibu na Winterthur, katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Dominiko. Hakuolewa wala hakuzaa. Kwa hiyo mtu wa mwisho wa ukoo ule alikuwa mtawa aliyefia Uswisi katika miaka ya 1330.

Alikosa kuhesabiwa kwa sababu urithi wa ufalme ulipita kuumeni. Sasa tazama waliogombea kiti cha baba yake. Václav alikuwa kilembwe wa Béla wa Nne, mfalme wa ukoo wa Árpád, kupitia binti yake Anna. Otto wa Bavaria alikuwa mtoto wa binti mwingine wa Béla huyohuyo. Károly Róbert, aliyeshinda na kutawazwa kwa Taji Takatifu mwaka 1310, alikuwa na bibi mzaa baba aitwaye Mária, binti wa István wa Tano. Wote watatu walidai kwa damu ya wanawake! Damu ya kike ilifaa mwanamume alipotaka kiti.

Siku hizi naulizwa zaidi kuhusu mifupa. Mabaki ya Béla wa Tatu, aliyefariki 1196, yalifukuliwa Székesfehérvár mwaka 1848, na wanasayansi wamesoma kromosomu Y yake. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Ila kromosomu hiyo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana tu. Vizazi vilivyopitia kwa mabinti haivioni kabisa. Kipimo hicho kinarudia hesabu ileile ya mwaka 1301.

Na vizazi hivyo ni vingi. Mtakatifu Erzsébet, binti wa András wa Pili aliyeolewa Thuringia, alimzaa Sophie, na kwa Sophie ukatoka ukoo wa Hesse. Bibi mzaa mama wa Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, alikuwa binti wa Hesse. Mfalme Charles wa Tatu, mwana wa Philip, basi, ni mzao wa Árpád.

Kanisa la Töss lilishabomolewa. Jiwe la kaburi la Erzsébet limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Zürich, na juu yake umechongwa msalaba wenye mapau mawili ya kukingama, nembo ya wafalme wa Hungaria.